Mboga ya Mlangoni

Mke mmoja alikuwa na uwanja mbele ya nyumba yake. Jina lake Leokadia, na uwanja wenyewe ulikuwa mdogo hasa: mikeka michache ingeujaza, na mtu aliyesimama barabarani angeweza kunong'ona na aliye mlangoni akasikika vizuri. Nyumba ilikuwa katika mji ulio chini ya milima, kwenye mtaa ambao nyumba zimesogeleana mpaka mabati yanakaribia kugusana. Kila nyumba ilikuwa na uwanja wa namna hiyo mbele yake. Na kila uwanja ulikuwa mtupu, mwekundu, umefagiliwa.

Mnaijua mitaa hiyo, maana wengi wenu mmetoka huko asubuhi hii. Kabla jua halijatoka, kabla ya moto kuwashwa, mke wa nyumba huchukua ufagio wa chelewa, akainama, akafagia huku akirudi nyuma ili nyayo zake mwenyewe zisibaki. Akimaliza, ardhi ina mistari kama nywele zilizochanwa. Majani huyakusanya pembeni na kuyatia moto, na moshi wake ndio salamu ya kwanza ya mtaa. Anayepita barabarani huitazama ardhi ile akajua kama ndani ya nyumba kuna mwanamke au hakuna. Sisemi ni vibaya. Nasema tu ndivyo ilivyo.

Leokadia alifundishwa kufagia hivyo na mama mkwe wake, Bibi Apolonia, juma lile la kwanza alipoolewa. Sasa Bibi Apolonia alikuwa ameishiwa nguvu. Macho yalikuwa yamefunikwa na mtoto wa jicho, miguu imegoma, na kitanda chake kilikuwa katika chumba cha mbele, dirisha likitazama uwanjani. Fidelisi, mwanawe, alikuwa dereva wa malori yavukayo mipaka, na nyumbani alikuja kama mgeni, na zawadi mkononi. Kwa hiyo wanawake wale wawili waliishi peke yao, na waliheshimiana sana. Waliheshimiana mno kiasi kwamba kuna mambo hawakuyasema kamwe.

Kisha Bibi Apolonia akaacha kula. Hakukataa kwa maneno. Alikula kijiko kimoja, akaweka chini, akashukuru. Baadaye ikawa nusu kijiko. Hospitalini walimpima wakasema hawaoni ugonjwa, ale tu. Leokadia akapika kila alichokijua. Alipika samaki kwa nazi, akapika ndizi kwa nyama, akakoroga uji wa ulezi wenye maziwa. Mzee alivigusa, akashukuru, akageukia ukutani. Mwili wake ukaanza kupungua uzito, na kila Leokadia alipomgeuza kitandani aliogopa, maana mikono yake ilitarajia mzigo iliouzoea na haikuukuta. Alimpenda yule mama. Aliolewa akiwa yatima, na kwa miaka yote ile hakuwahi kumwambia kwamba anampenda.

Asubuhi moja alipiga magoti kando ya kitanda. "Mama," akasema, "niambie chochote ambacho moyo wako unakitaka. Nitakitafuta."

Bibi Apolonia aligeuza uso kuelekea dirishani. Kisha akasema, kama anayeongea na mtu aliye chumba cha pili, "Nataka mboga iliyochumwa maji yakiwa yameshachemka."

Leokadia alimwelewa, kwa kuwa wote wawili walizaliwa juu mlimani. Kule mboga huota mlangoni. Mama huinjika sufuria, akangoja maji yachemke, ndipo anatoka nje kuchuma, na majani huingia jikoni yakiwa bado na umande. Mboga ya sokoni haiko hivyo. Imelala kwenye gunia, imepanda gari, imenyunyiziwa maji ya mfereji ili ionekane iko hai. Unaweza kuipika kwa ustadi wote na bado ina ladha ya safari. Alichokitaka mzee hakikuuzwa popote, maana hakibebeki. Ilibidi kioteshwe mlangoni, na mlangoni hapakuwa na kitu ila uwanja.

Mchana ule, Leokadia akiwa ameegemea fremu ya mlango, usingizi ukamchukua. Akaota yuko katika msitu ulio juu ya kijiji alikozaliwa. Alitembea peku. Mwanga ulishuka kutoka juu ukiwa wa kijani, umechujwa, na ukungu ulipita kati ya miti bila haraka. Juu kabisa ilisimama miti mirefu. Chini yake ilikuwapo mifupi, iliyoridhika na jua la makombo. Chini ya hiyo vichaka, chini ya vichaka majani ya kutambaa, na kote kote kamba za mimea zilipanda zikifunga hiki na kile. Hakuna aliyemwagilia. Hakuna aliyepalilia. Na bado kila kitu kilikuwa kinakula na kulisha. Ardhi ilikuwa laini hata nyayo zake zikazama kidogo, na hakusikia hatua zake mwenyewe.

Alipoamka, uwanja ulikuwa unawaka jua mbele yake. Wanaoamka saa za mchana wanaijua hali ile: kwa muda mfupi hujui umetoka wapi na umeingia wapi. Katika muda huo mfupi Leokadia aliuona msitu ule ule umesimama uwanjani kwake, umekuwa mdogo, umefika kiunoni na mabegani, na kila jani lililomo linaliwa. Alitaka kunyoosha mkono achume. Kisha pikipiki ikapita barabarani, vumbi likatimka, ukapotea.

Basi akaanza kuutafuta tena akiwa macho. Siku baada ya siku, kazi zikipungua, alikaa kizingitini na kijiti mkononi, nusu yuko pale na nusu yuko mlimani. Aliangalia kivuli cha mti wa mkungu wa jirani kinaanzia wapi asubuhi na kinaishia wapi. Aliona mahali ambapo jua la jioni huuma, upande wa barabara. Mvua ndogo ilipopita aliangalia maji ya mabati yanaangukia wapi, yanakimbilia wapi, na yanatoka kwa haraka gani kwenda kuwa tope la watu wengine. Akachora kwa kijiti ardhini. Hapa mpapai mrefu, uvunje jua la jioni. Hapa mbaazi, kwa kuwa zinastahimili. Hapa mgomba, palipo na maji ya kuoshea vyombo. Kila alfajiri aliufagia mchoro wake pamoja na majani ya mkungu, na kila mchana aliuchora upya, akaona umekuwa mzuri kuliko wa jana.

Mvua za masika zilipoingia akapanda. Alichimba mfereji mwembamba wenye kona, ili maji ya paa yatembee taratibu na kunywewa njiani badala ya kukimbia. Alitengeneza njia moja tu, iliyojikunja kama alama ya kwato, ili akisimama humo mkono wake ufike kila mahali na mguu wake usikanyage pa kupandwa. Karibu na mlango aliweka vya kuchumwa kila siku: mchicha, mnavu, mlenda. Kunde akazielekeza zipande juu ya mbaazi. Mchaichai ukakaa pembezoni, na kivumbasi kati ya mboga, kwa sababu wadudu hawakipendi. Kwenye mteremko akaotesha matembele, yatambae yashike udongo. Ilikuwa kazi nzuri. Waliosomea kilimo wangekuja wakatikisa kichwa kwa kuridhika, na mimi nisiyejua kupanda hata kitunguu nasema wangekuwa na haki.

Aliunakili msitu wote, isipokuwa sakafu yake. Msitu ulioko mlimani umesimama juu ya majani yaliyokufa, tabaka kwa tabaka, ya mwaka huu juu ya yale ya mwaka jana, na chini kabisa huwezi kusema tena kama ni jani au ni udongo. Leokadia alikuwa ameikanyaga sakafu ile ndotoni, akaufurahia ulaini wake, na hata mara moja hakufikiri kwamba ilitokana na kitu chochote. Na hata angefikiri, majani makavu mbele ya nyumba yana jina moja tu katika mtaa ule, na jina hilo ni uchafu. Alikuwa na mama mkwe ndani. Mama mkwe asiyeona huijua nyumba kwa masikio.

Kwa hiyo kila alfajiri alifagia. Alifagia njia, akafagia kati ya mistari, akaingiza ncha za chelewa hata chini ya mnavu ulio mchanga, akatoa majani mekundu ya mkungu moja baada ya jingine. Alipofika chini ya dirisha la mzee alikaza mkono kidogo, ili sauti iingie ndani vizuri na mzee ajue kwamba nyumba bado ina mwenyewe. Hata siku aliyokuwa na homa alifagia. Hasa siku hiyo, nadhani, kwa kuwa mtu mgonjwa huogopa zaidi kuonekana amelegea.

Mvua ilipokuwapo, mimea ilikwenda vizuri. Mvua ilipokatika, jua likaikuta ardhi haina nguo. Udongo ukakauka, ukapasuka, ukawa mgumu kama kizingiti. Leokadia alimwaga maji asubuhi, yakateleza juu juu na kwenda barabarani, yakipita mfereji wake mzuri bila kusimama. Mchicha ukawa wa njano. Mlenda ulitoa maua ungali mfupi, kama watoto wanaozeeka mapema. Alizidisha maji. Alizidisha bidii. Na kwa kuwa alikuwa na hofu, alizidisha pia kufagia, maana alipoona mboga zinakufa alisema moyoni mwake, angalau waone kwamba ni pasafi.

Kulikuwa na ishara moja, naye aliiona. Katika pembe ya ukuta yalikuwapo majani aliyoyarundika siku za mvua yakashindwa kuwaka. Humo, bila kupandwa na mtu, mboga ya maboga ilikuwa imechomoza, majani mapana, shina nene, hali ya kushiba. Leokadia alisimama akaitazama. Akapata haya. Watu watasema takataka zangu zimekaa mpaka zimeota, akawaza. Siku rundo lilipokauka alilitia moto kama wenzake wote wanavyofanya, na mboga ile ikaondoka na moshi.

Huko ndani Bibi Apolonia alikuwa amefikia kunywa vijiko vichache vya uji, na hata hivyo vilikuwa vya kumfurahisha anayemlisha. Hakuuliza habari za mboga. Hilo ndilo lililomuumiza Leokadia kuliko yote, kwamba hakuuliza. Alijua kwamba mzee akiondoka kabla ya sufuria moja, sufuria moja tu, yeye atabaki na deni ambalo hana wa kumlipa.

Ikafika alfajiri ambayo alichukua ufagio kama kawaida, akatoka, akainama, na mgongo ukakataa. Haukuwa ugonjwa. Alikuwa amechoka hadi ndani. Aliketi kizingitini na ufagio mapajani, akaitazama ile bustani yake iliyokufa ikiwa imepangwa vizuri, na machozi yakamtoka. Majani ya mkungu yalikuwa yanaanguka. Aliyaona yakishuka moja moja katika mwanga wa kijivu, yakizunguka, yakilala. Hakuyagusa. Sehemu yake moja ilikuwa pale na nyingine ilikuwa inatembea peku mahali pengine, na kati ya sehemu hizo mbili jua likachomoza, likapanda, likafika kwenye mabati. Majirani walikuwa wameshafagia zamani. Yeye bado alikuwa ameketi.

Ndipo akasikia anaitwa. "Leokadia."

Akaingia kwa hofu, akapiga magoti. "Nisamehe, mama," akasema. "Leo uwanja haujafagiliwa."

Bibi Apolonia alimnyooshea mkono mpaka ukampata begani. Uso wake ulikuwa na kitu ambacho hakikuwapo jana, wekundu kidogo wa mtu aliyetoka usingizini. "Leo nimelala," akasema. "Nimelala mpaka jua limetoka. Mwanangu, usiku hunipa maumivu, usingizi hunijia alfajiri, na alfajiri ndiyo saa ya ule ufagio wako. Sikutaka kukwambia. Nilikusikia unavyoukaza hapo dirishani, nikasema, mwache, ndiyo raha yake."

Leokadia aliushika ule mkono begani. Akasema, "Mama, nilikuwa nafagia kwa ajili yako."

Hapo wote wawili wakaona kitu kimoja kwa wakati mmoja. Kisha Bibi Apolonia akasema, polepole sana: "Na mimi nilifagia kwa ajili ya mama mkwe wangu mpaka tukamzika, na sikuwahi kumuuliza kama alipenda."

Kisha akacheka. Kicheko chake kilikuwa chembamba na kikavu, lakini kilikuwa kicheko. Leokadia akacheka naye, huku analia, kichwa kwenye ukingo wa godoro. Mzee akamshika nywele. Walikuwa wameishi nyumba moja miaka mingi, wakipeana heshima mchana na asubuhi, na ilikuwa mara ya kwanza wameambiana lile ambalo heshima ililificha.

Tangu siku hiyo majani yalibaki yalikoanguka. Si kwamba Leokadia alijua yatafanya nini. Aliyaacha ili mama alale, basi. Mkungu ukaendelea kuyashusha, mapana, mekundu, yakafunika njia na mistari na udongo uliopasuka. Alipomwaga maji, maji hayakukimbia; yaliingia chini ya majani na kunyamaza. Baada ya muda aliinua jani moja akaona chini yake pana giza, unyevu, na nyungunyungu aliyejivuta kwa haraka kama aliyekutwa anaoga. Akaweka kidole. Kikazama. Alikaa hapo amechuchumaa, kidole ndani ya ardhi, akikumbuka mahali alipowahi kuukanyaga ulaini ule. Akapanda tena, mbegu zilezile, mahali palepale alipokuwa amechora. Wakati huu aliyatenga majani kwa vidole, akadondosha mbegu, akayarudisha.

Mtaa ulisema, kama mtaa unavyosema. Walisema Leokadia amechoshwa na kumuuguza mgonjwa. Walisema uwanja ule utaleta nyoka. Wengine walisema Fidelisi amepata nyumba nyingine huko mpakani, ndiyo maana mkewe amejiachia. Leokadia aliyasikia. Asidhani mtu kwamba hayakumuuma. Mara kadhaa alfajiri aliamka kwa mazoea, akaenda hadi kwenye ufagio, akaushika, akasikiliza pumzi ya mzee aliyelala, akauacha.

Kisha ikafika zamu yake ya sala ya jumuiya, ambapo wanawake wa mtaa hukusanyika nyumba hii leo, nyumba ile juma lijalo. Hapo ndipo alipoona jaribu lake lote. Mboga zilikuwa zimeota, ila zilikuwa changa, na zaidi zilikuwa zimejificha. Anayetazama kutoka barabarani aliona majani makavu tu. Wanawake wakaja na kanga zao safi. Waliingia kwa kunyanyua miguu juu kama wavukao mto, na kila hatua ililia chakacha, na baada ya wimbo wa kwanza hakuna aliyemtazama mwenye nyumba usoni.

Sala ilipokwisha, Mama Gaudensia wa nyumba ya pili akamsogelea. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mwema, na wema wake ndio ulikuwa mtego. "Shoga yangu," akasema kwa sauti ya chini ambayo wote waliisikia, "kama umezidiwa si ungetuambia? Kesho nakuletea wasichana wangu wawili. Wanakufagilia hapo mara moja, wanachoma, unapumua."

Uso wa Leokadia ukawaka. Ilikuwa rahisi kusema ndiyo. Ndiyo moja tu, na jina lake lingerudi kesho yake kabla ya chai. Alifungua mdomo, na kwa kweli sijui angesema nini, maana hata yeye mwenyewe hakujua.

Sauti ikatoka chumba cha mbele. "Leokadia. Weka maji."

"Mama, bado ni changa," akajibu Leokadia.

"Weka maji."

Akaweka. Wanawake wakabaki, kwa kuwa mgonjwa amesema neno na haiwezekani kuondoka mgonjwa akiwa anangoja. Wakakaa wakiangalia sufuria. Moto uliimba chini yake. Mvuke wa kwanza ukapanda, mwembamba, ukajikunja katika mwanga wa mlangoni, na watu walioutazama walikuwa na nyuso za watu walio mbali, kila mmoja akiwa amerudi jiko fulani analolijua. Maji yalipochemka kabisa Leokadia akatoka. Walimwona mlangoni amechuchumaa katika njia yake iliyojikunja. Walimwona anatenga majani makavu kwa ncha za vidole, na chini yake, kote alikotenga, palikuwa kijani. Mnavu, mchicha, mlenda, vichwa vidogo vilivyosongamana, vimelowa katika jua la saa tisa. Mama Gaudensia alisimama, akaja hadi kizingitini, akaweka mkono kifuani.

Konzi mbili za majani hazikujaa. Ziliingia kwenye maji zikiwa bado hazijajua kwamba zimechumwa. Chumvi, na kitunguu kimoja, basi. Harufu ikatembea nyumba nzima, na wanawake waliozaliwa mlimani walinyamaza kwa namna tofauti na wale waliozaliwa mjini.

Leokadia alimwinua mzee, akamwegemeza kifuani kwake, akamlisha. Bibi Apolonia alikula kijiko cha kwanza, akafumba macho yale yasiyoona. Akala cha pili. Alikula mpaka kijiko kikagonga chini ya bakuli, kisha akalichukua bakuli mwenyewe, kwa mikono yake miwili, akapitisha kidole ndani yake pande zote, akakilamba. "Ndiyo hii," akasema.

Sikuja kuwaambia kwamba alipona. Alikuwa mzee, na wazee huenda. Lakini hakwenda na njaa, na aliyemlisha hakubaki na deni. Na mboga zile za kwanza zilikuwa zimenyimwa maisha, si na adui, bali na heshima ya wanawake wawili wapendanao.

Ninyi mnaorudi majumbani sasa: ni nani huyo unayemchosha kila alfajiri kwa jambo unalolifanya kwa ajili yake, nawe hujawahi kumuuliza?